Kifundo cha Van Basten

Kila nikirudi Tanga, vijana wa ndugu zangu wakishasikia kwamba niliishi Milano enzi za Marco van Basten, swali huwa lilelile: shangazi, lile goli la Munich ulilionaje? Nililiona kwenye televisheni, kama dunia nzima ilivyoliona. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 25 Juni 1988, fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya kati ya Uholanzi na Muungano wa Sovieti, nami nilikuwa zamu ya mchana wodi ya mifupa. Chumba cha televisheni kilikuwa mwisho wa ukumbi, na siku hiyo kilijaa wanaume wenye plasta: huyu mguu, yule mkono, mwingine kaegemeza magongo ukutani. Siku tatu nyuma Italia ilikuwa imefungwa 2-0 na Wasovieti kwenye nusu fainali, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa amshangilie nani. Ongeza na hili, kwamba wawili kati ya Waholanzi wale, Gullit na Van Basten, walikuwa wachezaji wa Milan.

Gullit akafunga la kwanza kwa kichwa. Dakika ya 54 mpira ukamfikia Arnold Mühren upande wa kushoto. Mühren alikuwa na miaka 37 wakati ule, na krosi aliyoipiga, wacha tuseme ukweli, haikuwa nzuri. Ilikuwa ndefu mno, ya juu mno, ikavuka goli zima na kwenda kuangukia kule kulia karibu na mstari wa mwisho, mahali ambapo mtu mwenye akili zake anautuliza mpira kwanza na kungoja wenzake. Van Basten hakungoja. Aliupiga ungali hewani, na Dasaev, kipa ambaye wengi walimhesabu kuwa bora duniani, akauona ukipita juu yake. Katika chumba kile alikuwamo mzee aliyevunjika nyonga, aliyekatazwa kuinuka. Aliinuka. Nikatumia sehemu iliyobaki ya kipindi cha pili kumrudisha kitini, na ndiyo sababu penalti ya Belanov, ile aliyoiokoa Van Breukelen, niliisikia tu.

Lakini picha za marudio niliziona, na mimi nilitazama mguu. Kazi yangu ilishanifundisha hivyo. Novemba iliyotangulia mtu huyu alikuwa amepasuliwa kifundo, akakaa nje kwa miezi, magazeti yote ya Milano yaliandika. Na mchezo kwake haukuwa umerudi muda mrefu: mechi ya kwanza ya mashindano yale, dhidi ya Wasovieti haohao kule Köln, aliianza benchi. Alivaa jezi namba 12, namba ya mtu asiyetegemewa kuanza. Mechi ya pili akaifunga Uingereza mara tatu. Kwenye nusu fainali kule Hamburg akawafunga Wajerumani zikiwa zimebaki dakika mbili hivi, kwa mpira wa chini wa kujinyoosha. Mabao matano katika mashindano, mfungaji bora, na kombe la kwanza kubwa ambalo Uholanzi iliwahi kulitwaa. Yote hayo kwa kifundo ambacho, kama ningekikuta kwa mgonjwa wangu, ningekishughulikia kwa hadhari sana.

Nilifika Milano mwaka 1986, kupitia masista wa misheni waliokuwa wakiwapeleka wasichana kusomea uuguzi. Mpira nilikuwa nao tangu nyumbani. Baba yangu alikuwa mtu wa bandarini na wa Coastal Union, na nyumba yetu nzima ilinuna au ilicheka kufuatana na Wagosi wa Kaya. (Mwaka uleule wa 1988 kaka yangu aliniandikia barua kwamba Coastal wametwaa ubingwa na baba amelia mbele za watu. Kwa hiyo mwaka ule nilisherehekea mara mbili.) Nilipanga chumba kwa mzee mmoja aliyekuwa dereva wa tramu kabla ya kustaafu. Mke wake alikuwa hawezi tena kupanda ngazi za uwanja, na tiketi yake ya msimu ilikuwa inakaa bure. Mzee akaniuliza kama kwetu Afrika wanawake wanakwenda mpirani. Nikamwambia baba yangu hajawahi kuniuliza swali hilo.

Milan ya mzee huyu ilikuwa imemtesa. Mwaka 1980 ilishushwa daraja kwa kashfa ya kuuza mechi. Ikapanda, na mwaka 1982 ikashuka tena, safari hii kwa miguu yake yenyewe. Mwaka niliofika mimi ndio Berlusconi alioinunua, na mwaka uliofuata akamleta kocha ambaye watu walikuwa hawamjui sana, Arrigo Sacchi, pamoja na Waholanzi wawili. Gullit alitoka PSV kwa bei iliyovunja rekodi. Van Basten alitoka Ajax mkataba wake ukiwa umekwisha, kwa fedha kidogo. Mzee alimtaka Gullit. Huyu mwingine, alisema, ni mrefu na mwembamba, mabeki wa hapa watamla.

Hakujua, na sisi wote hatukujua, kwamba kuliwa kwenyewe kulikuwa kumeshaanza. Amsterdam Van Basten alikuwa ameacha sifa ambazo leo ukizitaja vijana hudhani unatia chumvi. Alizaliwa Utrecht mwaka 1964. Mechi yake ya kwanza Ajax, Aprili 1982, aliingia kuchukua nafasi ya Johan Cruyff, kwa hiyo Cruyff alitoka na yeye akaingia, halafu akafunga. Misimu minne mfululizo alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Uholanzi, na mmoja kati ya hiyo alifunga mabao 37 katika mechi 26. Jumla ya ligi, mechi 133, mabao 128. Novemba 1986 aliifunga Den Bosch kwa tikitaka ambayo nimeitazama mara nyingi sana. Mwili mrefu kama ule haukutakiwa kukunjuka hewani namna ile.

Mwezi mmoja baadaye, Desemba, Ajax ilicheza na Groningen. Watu hudhani kwamba beki fulani mkorofi alimvunja. Sivyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumkaba mchezaji wa Groningen, akaumia yeye. Akaendelea kucheza. Katika kitabu chake cha mwaka 2019 ameeleza jinsi ilivyokuwa: maumivu hayakuondoka, na Cruyff, ambaye sasa alikuwa kocha wake, akakubaliana naye kwamba anaweza kuacha mazoezi na baadhi ya mechi za ligi, ilimradi mechi za Ulaya acheze. Daktari alikuwa amesema hali haitazidi kuwa mbaya. Mei 1987 huko Athens, Ajax ikatwaa Kombe la Washindi kwa kuifunga Lokomotive Leipzig 1-0. Bao alifunga nani? Yeye, kwa kichwa, akiwa nahodha wa miaka 22.

Niwaeleze wasiofanya kazi wodini. Ndani ya kifundo, mfupa wa muundi hukutana na mfupa mdogo unaobeba uzito wote wa mwili, na kati yao kuna gegedu, ngozi nyeupe laini, nyembamba sana. Gegedu haina mishipa ya damu, na kwa sababu hiyo haijirekebishi kama mfupa unavyojirekebisha. Mfupa ukivunjika unaunga. Gegedu ikichanika inabaki imechanika. Ni bushi za gari: zikiisha, chuma kinakula chuma. Mtu wa kawaida mwenye jeraha hilo anaweza kuishi nalo kwa miaka akikaa ofisini. Anayeruka na kutua mara kadhaa kila Jumapili, na katikati ya wiki pia, ana hesabu nyingine.

Msimu wa kwanza wa Van Basten huko Milano ulikuwa wa upasuaji na kungoja. Ligi alicheza mechi 11 tu, akafunga mabao matatu. Lakini moja kati ya hayo lilikuwa la tarehe 1 Mei 1988 kule Napoli, kwa Maradona, siku ambayo Milan ilishinda 3-2 na kuupokonya ubingwa mkononi mwa wenyeji. Mzee wangu aliisikiliza mechi redioni akiwa amesimama. Hakukaa mpaka filimbi ya mwisho. Baada ya siku hiyo sikumsikia tena akisema habari za wembamba.

Halafu ndiyo ikaja ile miaka. Tulikuwa tukipanda tramu iliyoishia Piazzale Axum, halafu tunatembea na umati kuufuata uwanja. Jina lile lilinichoma kila mara. Axum, mji mtakatifu wa Wahabeshi, umebandikwa kwenye kituo cha tramu na watu waliokwenda kuuteka, na mnara wake wa mawe wakati huo bado ulikuwa umesimama Roma ulikopelekwa mwaka 1937. Ulirudishwa 2005. Mzee hakuwahi kufikiria jina lile mpaka nilipomwuliza. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema alikuwa ameendesha tramu kwenda pale miaka mingi bila kujiuliza.

Uwanja wenyewe, San Siro, ulikuwa unajengwa upya kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1990. Waliongeza jukwaa la tatu juu ya minara ya zege, na paa lenye vyuma vyekundu. Ulipokwisha ulikuwa wa kupendeza, ila majani hayakupata tena jua wala upepo, yakawa yanakufa na kupandwa upya. Ukikaa chini ungeweza kuona mapande yakinyanyuka mchezaji akisimama ghafla. Nilikuwa nikisema kwa sauti: huo si uwanja wa mtu mwenye kifundo kile. Mzee alinijibu nisilete wodi mpirani.

Alivyocheza Van Basten? Urefu wake ulikuwa sentimita 188, na mabeki walimkaba kama wanavyowakaba warefu, kwa mgongo na viwiko. Lakini alikuwa na mwili wa beki na miguu ya winga. Alipokea mpira mgongo ukiwa umeelekea goli, akautuliza kwa mguso mmoja, na kabla beki hajaamua aje upande gani mpira ulikuwa umekwishahama. Hakukimbia ovyo. Kuna washambuliaji wanaokuchosha hata wewe uliyekaa jukwaani. Yeye alitembea, akasimama, akatazama, na unapomsahau ndipo anapokuwa amefika. Waitaliano walimwita Cigno di Utrecht, kwa yule ndege mweupe mwenye shingo ndefu aeleaye majini. Mimi nilimwona zaidi kama mtu mwenye kiburi, na ninasema hivyo kwa kumsifu. Akikosa goli hakujishika kichwa. Alirudi mahali pake kana kwamba kosa ni la mpira.

Usiku ambao sitausahau ni wa tarehe 19 Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Real Madrid. Kule Madrid walikuwa wametoka 1-1, bao la Milan likiwa lake la kichwa cha kuruka chini. Siku nne kabla ya mechi ya Milano, mashabiki wa Liverpool walikuwa wamekufa kwa kubanwa uwanjani Hillsborough. Dakika ya sita refa akasimamisha mchezo ili watu wawakumbuke. Kukawa kimya, na kimya cha San Siro si jambo la kawaida. Halafu kutoka upande wa vijana wa Milan ukaanza wimbo wa watu wa Liverpool, kwa Kiingereza cha kuokoteza, uwanja mzima ukaitikia. Mzee hakujua maneno, akawa anaguna tu. Dakika chache baadaye Ancelotti akapiga shuti la mbali likaingia. Rijkaard akafunga, Gullit akafunga. Kipindi cha pili Gullit akamwangushia mpira kwa kichwa Van Basten, naye akaugonga ukaenda kukaa juu kabisa wavuni. Donadoni akafunga la tano. Tano bila, kwa Real Madrid! Watu walitoka nje wakicheka, maana hawakuwa na kingine cha kufanya. Mwezi uliofuata huko Barcelona wakaifunga Steaua Bucharest 4-0 kwenye fainali, mawili ya Gullit na mawili yake. Mwaka 1990 wakalitwaa tena kombe hilo kule Vienna dhidi ya Benfica.

Kombe la Dunia la mwaka huo nalipita haraka, kama yeye alivyolipita. Hakufunga hata bao moja, na Uholanzi ilitolewa na Wajerumani palepale San Siro. Mechi ile watu huikumbuka kwa Rijkaard kumtemea mate Völler, na ni sawa waikumbuke hivyo.

Mabeki ndio ninaotaka kuwazungumzia. Vijana wa sasa hawajui rafu zilizoruhusiwa wakati ule. Beki alikuwa na haki, kama ada ya kiingilio, ya kumpiga mshambuliaji kwa nyuma mara moja mapema mechini. Refa angemwonya kwa kidole. Mara ya pili labda kadi ya njano. Kifundo cha mtu ambaye hutegemea kupokea mpira akiwa ameelekeza mgongo ndicho kilicholipa ada hiyo. Kanuni ya kutoa kadi nyekundu moja kwa moja kwa rafu ya nyuma inayohatarisha mchezaji ilikazwa Kombe la Dunia la 1998, na kila inapotajwa Ulaya jina lake hutajwa nayo. Yeye alikuwa ameshastaafu miaka mitatu. Na mimi siko pamoja na wanaosema mabeki ndio waliomwua. Kidonda kilianza kwa rafu aliyoicheza mwenyewe, kikaendelea kwa kocha aliyemhitaji, kwa klabu iliyomhitaji, kwa visu vya upasuaji vilivyokwenda kutafuta maumivu na kuacha mengine, na kwa maelfu ya watu waliokuwa wakiimba jina lake uwanjani, nikiwamo mimi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtakia mabaya. Ndiyo maana hakupatikana mtu wa kumzuia.

Yeye na Sacchi hawakuelewana kamwe. Sacchi alitaka timu nzima ibane na kukimbia, naye aliona mazoezi yale yanamla miguu. Mwaka 1991 Sacchi akaondoka, akaja Fabio Capello, akamwacha acheze anavyotaka. Msimu wa 1991-92 Milan haikupoteza mechi hata moja ya ligi, naye akafunga mabao 25. Mfululizo ule wa kutofungwa katika ligi ulifika mechi 58. Upande wa timu ya taifa bahati haikumfuata: nusu fainali ya Ulaya ya mwaka 1992 alikosa penalti dhidi ya Denmark, Schmeichel akaidaka, na Waholanzi wakatolewa.

Novemba 1992 ndiyo iliyokuwa kilele, ingawa hatukujua kwamba ni mwisho pia. Tarehe 8 Milan ilikwenda Napoli ikashinda 5-1, yeye akafunga manne. Tarehe 25, San Siro, Göteborg ya Sweden ilifungwa nne bila, zote zake, na hakuna aliyekuwa amewahi kufunga manne katika mechi moja ya Ligi ya Mabingwa. Nilikuwapo. Moja lilikuwa tikitaka, na safari hii niliiona kwa macho yangu. Alipokuwa hewani niliangalia atakavyotua. Alitua chali, mikono imetangulia, vifundo vyote viwili juu. Nikapumua.

Desemba alitangazwa kushinda Ballon d'Or kwa mara ya tatu, baada ya 1988 na 1989. Mwezi huohuo alikuwa Uswisi, kitandani, amepasuliwa tena. Akarudi uwanjani mwishoni mwa msimu, na tarehe 26 Mei 1993 akaanza fainali ya Ulaya dhidi ya Marseille. Mechi ilichezwa Munich, katika uwanja uleule wa goli la 1988. Tuliitazama katika baa ya chini ya nyumba yetu. Niseme wazi, nilikuwa na mioyo miwili. Abedi Pele wa Ghana alipiga kona, na Basile Boli, mzaliwa wa Abidjan, akaiunganisha kwa kichwa. Moyo mmoja ulitaka kupiga kigelegele, mwingine ulikuwa umekaa na mzee. Van Basten alikuwa anachechemea. Anayejua kutembea kwa mtu mwenye maumivu aliona: mguu unawekwa chini nusu na kuondolewa haraka. Dakika za mwisho Capello akamtoa. Alikuwa na miaka 28, na hiyo ikawa mechi yake ya mwisho ya kulipwa.

Ikafuata miaka miwili ya habari. Gazzetta dello Sport, lile gazeti la karatasi ya waridi, lilikuwa likipita kitanda hadi kitanda wodini kwetu, na wagonjwa walisoma habari za kifundo kimoja kuliko walivyosoma mafaili yao. Amepasuliwa tena, safari hii Ubelgiji. Ameanza kutembea. Ameanza kukimbia. Ameacha kukimbia. Ikafika hatua ya kufungwa chombo cha Ilizarov, pete za chuma zinazouzunguka mguu na nyaya zinazopita ndani ya mfupa. Chombo hicho tulikijua vizuri. Kilibuniwa na daktari wa Kisovieti huko Kurgan, Siberia, na kilifikia madaktari wa Magharibi kwa kupitia Lecco, mji wa ziwani usio mbali na Milano, kwa sababu mpanda milima mmoja wa hapo, Carlo Mauri, alikwenda Kurgan kutibiwa mguu wake mwaka 1980 na kurudi akiutembelea. Kwa mgonjwa wangu aliyevunjika vibaya, pete zile zilikuwa matumaini. Nilipoona picha ya Van Basten amezivaa, niliacha kumdanganya mzee. Nikamwambia harudi. Hakuniongelesha mpaka kesho yake.

Katika kitabu chake anasimulia kwamba kipindi hicho usiku alitambaa kwenda chooni, maana hakuweza kuukanyagia mguu. Wasomaji wengi walishtuka. Mimi nilikuwa nimewaona wagonjwa wakifanya hivyo wakidhani muuguzi hayupo.

Agosti 1995 alitangaza kwamba amestaafu. Alikuwa na miaka 30. Kesho yake, Ijumaa tarehe 18, kulikuwa na mechi ya kirafiki ya kila mwaka dhidi ya Juventus, ile ya kombe lenye jina la baba yake Berlusconi. Agosti Milano huwa tupu, watu wapo baharini, lakini uwanja ulijaa. Kabla ya mchezo akatoka kwenye mlango wa wachezaji amevaa jinzi na jaketi. Kumwona bila jezi mahali pale kulitosha. Alizunguka uwanja, nusu anakimbia nusu anatembea, akiwapigia makofi watu waliokuwa wakimpigia makofi. Alikuwa anajitahidi asichechemee, na aliweza sehemu kubwa ya mzunguko. Kwenye benchi Capello alikuwa analia waziwazi, mwanaume mgumu yule, na picha yake ikatoka magazetini kesho yake. Mzee wangu hakulia. Alikuwa anamtukana, kwa sauti ya chini, Mholanzi, na madaktari, na Mungu, na majani ya San Siro.

Msimu uleule George Weah alipewa jezi namba tisa, na kabla mwaka haujaisha akatwaa Ballon d'Or, Mwafrika wa kwanza. Kwa mambo ya Weah ninayo mengine ya kusimulia, siku nyingine.

Hesabu za Van Basten zinabaki: mechi za ligi ya Italia 147, mabao 90, timu ya taifa mechi 58, mabao 24. Baadaye kifundo kikaunganishwa kabisa, mfupa kwa mfupa, kisijikunje tena. Kwa mchezaji upasuaji huo ndio mlango wa kutokea, na kwa miaka yote ile walikuwa wakiukwepa. Lakini kiungo kisichosogea hakisagiki. Maumivu yakatulia, akatembea, akawa kocha wa Uholanzi kuanzia 2004 hadi 2008. Ukocha wake mimi sikuupenda, na nadhani hata yeye haukumpa raha. Alipokwenda FIFA akatoa rai kwamba kuotea kuondolewe, Ulaya nzima ikamcheka.

Machi 2006 Demetrio Albertini, kiungo wa Milan wa enzi zile, aliagwa San Siro kwa mechi ya wakongwe wa Milan na wa Barcelona. Mzee alikuwa ameshafariki. Nilikwenda na mwanawe, naye wakati huo alikuwa na mvi. Van Basten, kocha wa timu ya taifa, akavaa jezi. Alikuwa mnene kidogo na alikimbia kama mtu aliyevaa kiatu kimoja cha mbao. Ikapigwa krosi. Akaenda nayo kwa kichwa, mabeki wakongwe wakimtazama, na mpira ukaingia. Uwanja ulipiga kelele ambazo sikuwa nimezisikia tangu ile Novemba. Mwana wa mzee alinishika bega akanitikisa. Nyuma yetu wanaume wawili, kila mmoja na skafu yake ya zamani, wakaanza kubishana kama alikuwa ameotea.